MSTARI WA KUNGOJA KU IMPRIMANTI: NAMNA YA KUUTENGENEZA NA KUULINDA



Somo letu la leo ni la mashini, lakini tutaanzia ku robine. Kila mmoja wetu anajua namna mambo inakuwa ku robine wakati maji ni kidogo. Mama anafika saa kumi na moja ya asubuhi, anaweka bidoni yake nyuma ya zile amekuta, kisha anarudi nyumbani kuwasha moto na kuamsha watoto. Yeye hasimami pale, bidoni ndiyo inasimama mu nafasi yake. Wakati zamu yake inafika, watu wanajua: hii ya njano yenye kamba nyekundu ni ya mama fulani, hapana kuiruka. Kwa njia hii nyumba makumi zinapata maji mu robine moja bila vita.

Lakini siku ingine anafika kijana mwenye nguvu, anasukuma bidoni za wengine kwa mguu, anachota, anaenda. Siku ile nguvu inakuwa sheria. Katika Injili ya Yohana, mlango wa 5, tunasoma habari za mgonjwa wa miaka 38 kando ya birika la Bethzatha. Kila mara maji yalipotibuka, mtu mwingine alimtangulia kushuka. Wagonjwa walikuwa wengi, birika lilikuwa moja, na hapakuwa mstari. Mwenye miguu mizuri ndiye alifika wa kwanza.

Sasa tuangalie buro ya shule. Ordinateri ni kadhaa, imprimanti ni moja. Sekretere anataka kutoa barua, profeseri wa hesabu anataka kutoa interogasio, mwanafunzi wa mwaka wa mwisho anangoja atestasio. Imprimanti ni robine, na kartasi zetu ni bidoni. Kama hakuna mstari, tutakuwa watu wa Bethzatha. Ndiyo sababu tunaandika somo hili: namna ya kutengeneza mstari wa kungoja ku serveri, na namna ya kuulinda kisha kuutengeneza.

1. MANENO YA KUJUA KWANZA

a) Ordinateri. Ndugu zetu wa Kenya na Tanzania wanasema kompyuta. Ni kitu kimoja.

b) Imprimanti. Wengine wanasema printa. Ni mashini ya kuchapa kartasi.

c) Rezo. Ni mtandao unaounganisha ordinateri za shule, kwa kable ama kwa wifi. Rezo ya shule inaweza kutumika hata pasipo intaneti. Wengi wanachanganya mambo haya mawili.

d) Serveri. Ni ordinateri moja inayotumikia zingine. Haiombi kuwa kubwa wala mpya, inaomba paka kuwa macho wakati wengine wanaihitaji.

e) Sistemi. Ni programu kubwa inayoongoza mashini yote. Windows ni sistemi, Linux ni sistemi.

f) Mstari wa kungoja. Wengine wanaita foleni. Ni fasi mu serveri ambako kazi za kuchapa zinawekwa moja nyuma ya ingine mpaka zamu yao ifike. Kila kazi inapata namba yake, kwa mfano buro-14. Namba ile ni kamba nyekundu ya bidoni.

2. MAMBO HAYA YALITOKA WAPI

Wazee wetu wanakumbuka roneo na stensili. Kila profeseri alipiga stensili yake, akaipeleka kwa sekretere, na sekretere akazipanga mezani. Mstari ulikuwa meza, na mlinzi wa mstari alikuwa sekretere. Hakuna aliyeweza kuzungusha roneo bila kupita kwake.

Mu mwaka 1971, mu maabara ya kampuni Xerox huko Palo Alto, Marekani, Gary Starkweather alimaliza kutengeneza imprimanti ya laser. Mashini ile ilikuwa ya bei kali sana. Haikuwezekana kumpa kila mtu yake. Mu 1973 Robert Metcalfe, na mwenzake David Boggs, walianza kazi ya rezo tunayoiita Ethernet. Sababu moja kubwa ya kazi yao ilikuwa hii: ordinateri nyingi zipate kutumia imprimanti moja. Basi kable ile ya rezo tunayoiona leo mu buro nyingi ilizaliwa pamoja na mambo ya kugawana imprimanti. Ni haja ileile tuliyo nayo sisi.

Karibu na mwaka 1980, mu chuo MIT, kulikuwa mutu mmoja jina lake Richard Stallman. Imprimanti ya kazi yao ilikuwa mbali na meza zao, na kartasi zilikwama mara kwa mara. Ku mashini ya zamani yeye aliongeza maneno mu programu, ili kama kartasi imekwama, wote wenye kungoja wapate habari na mmoja aende kuifungua. Kisha ikafika mashini mpya ya Xerox, na programu yake ilikuwa imefungwa. Aliomba maandiko ya programu ile kwa mutu aliyekuwa nayo, akakataliwa, sababu mutu yule alikuwa ameahidi kutoitoa. Jambo lile lilimuuma. Tarehe 27 Septemba 1983 alitangaza kazi ya GNU, yaani programu ambazo kila mutu ana ruhusa ya kuzisoma, kuzibadilisha na kuzigawa. Mu 1991 mwanafunzi wa Finland, Linus Torvalds, alitoa Linux. Mu 1999 Michael Sweet alitoa CUPS, programu ya kulinda mstari wa kuchapa. Kampuni Apple iliinunua mu 2007, lakini ilibaki wazi kwa wote. Hatulipi kitu kwa kuitumia.

Sisi tumechagua Linux na CUPS mu somo hili kwa sababu hiyo: feza za shule ni za wazazi, na ordinateri ya zamani inatosha.

3. KAZI YENYEWE

Tuseme tuko na ordinateri moja ya zamani yenye Debian ama Ubuntu, hiyo ndiyo serveri. Adresi yake mu rezo ni 192.168.1.10. Imprimanti iko na adresi 192.168.1.50. Adresi hizi ni mfano. Kila rezo iko na zake. Lakini jambo moja halibadiliki: adresi za serveri na za imprimanti zisihamehame. Kama mutu anahama nyumba kila siku, barua yake haitamfikia. Shida nyingi za kuchapa zinatoka fasi hii.

Hatua ya kwanza: kuweka CUPS. Hapa intaneti inaombwa mara moja. Tunaweza kutumia simu kama modemu. Tunaandika:

sudo apt install cups

Hatua ya pili: kuchagua mlinzi. Tuseme jina lake ku serveri ni mlinzi:

sudo usermod -aG lpadmin mlinzi

Yeye ndiye atakuwa na ruhusa ya kufungua na kufunga mistari. Wawe wawili, ili mmoja akigonjwa kazi isilale. Wasiwe kumi.

Hatua ya tatu: kutafuta imprimanti. Tunaandika lpinfo -v, na serveri inaonyesha imprimanti zote inazoziona, za kable ya USB na za rezo.

Hatua ya ine: kufungua mstari na kuupa jina:

sudo lpadmin -p buro -E -v ipp://192.168.1.50/ipp/print -m everywhere

Tusiandike kama kasuku. Tuelewe: -p ni jina la mstari, -E ni kuufungua upokee kazi, -v ni njia ya kufikia imprimanti, -m ni namna ya kusema nayo. Neno everywhere linafaa kwa imprimanti nyingi za miaka hii. Kama ni ya zamani, tufungue ukurasa http://localhost:631 ku serveri yenyewe na kuchagua aina yake mu orodha. Namba 631 ni mlango ambao CUPS inasikilizia.

Hatua ya tano: kuruhusu ordinateri zingine za shule zilete kazi:

sudo cupsctl --share-printers

Amri hii inafungulia rezo ya hapa tu. Kuna ingine, --remote-any, inayofungulia hata watu wa mbali. Hiyo tusiiguse.

Hatua ya sita: ku kila ordinateri, tuongeze imprimanti kwa adresi hii:

http://192.168.1.10:631/printers/buro

Hata ordinateri za Windows zinaikubali. Angalieni vizuri: hatuandiki adresi ya imprimanti, tunaandika ya serveri. Kama ordinateri moja inaenda moja kwa moja ku imprimanti, imeruka mstari, na mlinzi hataiona. Ni yule kijana wa robine.

Kwisha hapo, kazi inaenda namna hii. Profeseri anafinya «kuchapa». Kazi inaenda ku serveri, inaandikwa mu diski, mu fasi inayoitwa /var/spool/cups, na inapata namba. Profeseri anaweza kufunga ordinateri yake na kuenda kufundisha. Bidoni yake iko mu mstari.

Mu buro za miji ambazo zinatumia Windows Server, akili ni ileile: mlinzi wa mstari anaitwa Print Spooler, na kazi zinangoja mu fasi C:\Windows\System32\spool\PRINTERS. Majina yanabadilika, robine ni moja.

4. SHERIA ZA MSTARI

Mstari bila sheria ni fujo iliyopangwa tu. Mtume Paulo aliandikia Wakorintho kwamba mambo ya kanisa yafanyike kwa utaratibu (1 Wakorintho 14:40). Tufanye vilevile mu buro.

a) Tunaweza kufungua mistari miwili ama mitatu inayoenda ku imprimanti moja. Kwa mfano: buro, wanafunzi, na ekzame. Kila mmoja unafunguliwa kwa amri ya hatua ya ine, jina tu linabadilika. Kisha kila mmoja unapata sheria yake.

b) Kipimo cha kartasi. Rame moja ina kartasi 500. Inapanda huku kwetu kwa piki-piki ama kwa mgongo wa mutu, na mvua ikiinyeshea inavimba na kukwama mu mashini. Kwa hiyo:

sudo lpadmin -p wanafunzi -o job-quota-period=604800 -o job-page-limit=20

Yaani kila jina lina kurasa 20 mu sekunde 604800. Tuhesabu: siku 7 mara saa 24 mara dakika 60 mara sekunde 60. Ni wiki moja kamili.

c) Priorite. Kila kazi ina uzito kutoka 1 mpaka 100; kama hatusemi kitu, inapata 50. Kazi ya haraka ya kweli inaweza kupewa zaidi:

lp -d buro -q 80 barua.pdf

Uzito huu unafanya kazi mu mstari mmoja tu, hauvuki kwenda mu mwingine. Na tukumbuke: kama kila mutu anasema yake ni ya haraka, hakuna ya haraka tena.

d) Sheria zibandikwe ku ukuta wa buro, mstari kwa mstari. Sheria ambayo mlinzi peke yake anaijua, watu wataiita upendeleo, na hawatakosa.

5. KARTASI ZA SIRI

Fasi hii tunaomba walimu wasome pole pole.

Tuseme profeseri anachapa maswali ya ekzame ya mwisho wa muhula. Anafinya, anatembea kufika ku imprimanti. Mu minuti zile mbili kartasi ziko wazi mu sahani ya mashini. Mwanafunzi aliyekuja kuchukua yake anaziona. Hata kama hakuiba, macho yake yamesoma. Basi mstari wa ekzame tuufanye ushike kazi mpaka mwenyewe afike:

sudo lpadmin -p ekzame -o job-hold-until-default=indefinite

Kazi inafika, inapata namba, inangoja. Profeseri akisha kusimama kando ya imprimanti, mlinzi anaiachilia:

lp -i ekzame-21 -H resume

Jambo la pili. Tunaweza kuandika kwamba watu fulani tu ndio wanatumia mstari huu:

sudo lpadmin -p ekzame -u allow:prefe,sekretere

Lakini hii peke yake ni mlango bila kifungulo. Serveri inaamini jina ambalo ordinateri ya mtumaji inasema. Mwanafunzi mwerevu anaweza kujiita sekretere ku ordinateri yake. Kwa hiyo tuongeze:

sudo lpadmin -p ekzame -o printer-op-policy=authenticated

Sasa serveri inaomba neno la siri, na kila mmoja wao apewe konti yake ku serveri.

Jambo la tatu ndilo wengi hawalijui. Kisha kuchapa, CUPS haitupi kazi palepale. Kama hatukubadilisha kitu, inaichunga siku nzima, na mwenye ruhusa anaweza kuichapa tena. Yaani maswali yamekwisha kufungiwa mu kabati, kumbe nakala yake inalala mu serveri mpaka kesho. Tufungue fishie /etc/cups/cupsd.conf, tuandike mstari huu:

PreserveJobFiles No

Kisha tuamshe upya CUPS:

sudo systemctl restart cups

Tena, serveri yenyewe iwekwe mu chumba chenye kufuli. Neno la siri halisaidii kama mutu anaweza kubeba diski mu mfuko.

Na isifunguliwe kwa intaneti. Mu 2021 mu Windows iligunduliwa tundu kubwa ku Print Spooler, watu waliliita PrintNightmare. Mu Septemba 2024 matundu yaligunduliwa vilevile ku programu moja inayotembea pamoja na CUPS, jina lake cups-browsed. Mashini zote ziko na matundu; mwenye akili anaziba mapema. Kila mara tunapopata intaneti, tufanye mise à jour, na kama cups-browsed haitusaidii kitu, tuizime.

6. WAKATI UMEME NI KIDOGO

Wengi watasema: «Hii ni ya watu wa mji wenye kura usiku na mchana.» Hapana. Mstari wa kungoja unafaa zaidi fasi umeme ni kidogo.

Tuangalie hesabu. Ordinateri ndogo Raspberry Pi, iliyoanza kuuzwa Uingereza mu 2012, inaweza kuwa serveri ya mstari, na nyingi zake hazivuki watti 10. Imprimanti ya wino inakula kati ya watti 10 na 30 wakati inachapa. Lakini ya laser inapasha moto ndani yake ili unga ushike ku kartasi: inaomba watti mia kadhaa, na zingine zinakaribia 1000. Batri za pano ya jua zinaweza kuzimika palepale, na kuzima ordinateri zote pamoja nazo.

Basi tufanye hivi. Asubuhi mlinzi anaandika:

sudo cupsdisable buro

Imprimanti inabaki imezimwa, lakini mstari unaendelea kupokea. Watu wanaleta kazi zao, zinapangwa. Saa sita, jua likiwa kali, ama jioni jeneratrice ikiwashwa, tunawasha imprimanti na kuandika:

sudo cupsenable buro

Zote zinatoka moja nyuma ya ingine, na jeneratrice inazimwa kisha minuti kidogo. Mafuta yamechungwa.

Kuna amri ingine, cupsreject. Tusizichanganye. Cupsdisable ni kufunga robine huku bidoni zinaendelea kupangwa. Cupsreject ni kukataa bidoni mpya. Kama mwisho wa siku tunataka kumaliza zilizoko tu, tunatumia cupsreject. Kesho tunafungua kwa cupsaccept.

Na kama umeme unakatika katikati ya kazi? Kazi ziko mu diski, hazipotei. Lakini ile iliyokuwa inachapwa inaanza tena kutoka ukurasa wa kwanza. Kama ni ya kurasa 60 na 40 zilikuwa zimetoka, tuifute na kuomba kurasa 41 mpaka 60 tu. Tena tusizime serveri kwa kung'oa kable: diski inaweza kuharibika, zaidi sana karti ndogo ya Raspberry Pi.

7. WAKATI KARTASI HAITOKI

Neno la kwanza: TUSIFINYE TENA. Kila kufinya ni bidoni ingine. Siku moja sisi wenyewe tulituma kazi ya kurasa 45, haikutoka. Tukafinya tena, na tena, na tena. Kumbe kartasi ilikuwa imekwisha mu mashini. Mutu mmoja mwema akaweka kartasi mpya, na imprimanti ikatoa kurasa 180. Kosa halikuwa la mashini. Ilitii.

Tufuate utaratibu huu:

a) Macho kwanza. Imprimanti inawaka? Kartasi iko? Wino uko? Kable haikuguswa na panya?

b) Tuulize mstari: lpstat -t. Inasema ni mstari gani umesimama na kazi gani zinangoja.

c) Tuulize rezo: ping 192.168.1.50. Kama hakuna jibu, shida ni ya kable ama ya adresi, mstari hauna kosa.

d) Kama kazi ya mbele ndiyo mbaya na inazuia zingine, tufute hiyo moja tu kwa namba yake: cancel buro-14.

e) Kisha tufungue: sudo cupsenable buro.

8. KOSA LETU

Kuna amri ingine ambayo hatukuiandika juu. Inafuta kazi zote za mstari kwa mara moja: cancel -a buro. Tunaitaja mwisho, sababu tuko na neno la kuungama juu yake.

Ilikuwa wiki ya kutoa matokeo. Mstari ulikuwa mrefu, na kazi moja ya mbele ilikuwa imekwama. Sisi tulikuwa na kartasi zetu za haraka. Kutafuta ile mbaya kulionekana ni kazi ndefu. Tukafuta mstari wote, tukatuma zetu, zikatoka, tukafurahi.

Mu mstari ule kulikuwa atestasio ya mwanafunzi mmoja wa mwaka wa mwisho. Alikuwa ameambiwa: «Kazi yako imeisha kufika, ungoja zamu.» Akaketi ku ngazi ya buro. Wengine waliokuja nyuma yake walichukua zao, yeye akaendelea kungoja, sababu aliamini namba yake. Jioni akaingia, akasema pole pole: «Profeseri, mimi ndiye nilifikaka wa kwanza.» Tukaangalia mu serveri, hakuna kitu. Batri zilikuwa zimekwisha. Kesho yake alfajiri alipashwa kuanza safari na kartasi ile. Alienda mikono mitupu, na kule alikofika walimrudisha. Alitembea njia ile mara mbili kwa miguu yake, juu ya amri moja ambayo tuliandika kwa sekunde tatu.

Hakututukana. Ingekuwa vyepesi kama angetutukana.

Tangu siku ile tumeweka sheria tatu. Ya kwanza: hakuna kufuta mstari wote kama wenye kazi hawajaambiwa, hata Prefe akiwa nyuma ya mlango. Ya pili: kazi ikifutwa, mlinzi anaandika mu kaye namba yake, jina la mwenyewe na sababu, na anaenda kumwambia. Ya tatu: mlinzi mwenyewe anapanga kazi zake mu mstari kama wengine wote.

Ndugu zetu, kutengeneza mstari ku serveri ni kazi ya saa moja. Mwenye kusoma ukurasa huu anaweza. Kuulinda ni kazi ya kila siku, na mashini haitaifanya mu nafasi yetu. Mutu akiweka bidoni yake na kurudi nyumbani, ametuaminia. Tusiisukume kwa mguu.

MASWALI YA KUJIBU MU KAYE

1. Serveri ni nini? Kwa nini haiombi kuwa ordinateri mpya?

2. Cupsdisable na cupsreject zinaachana namna gani? Toa mfano wa robine.

3. Prefe anataka kila mwanafunzi apate kurasa 30 mu siku 30. Andika amri. Hesabu sekunde mwenyewe.

4. Profeseri alichapa maswali ya ekzame asubuhi na kufunga kartasi mu kabati. Nakala ingine inaweza kuwa wapi? Itazuiwa namna gani?

5. Umeme ulikatika wakati kazi ya kurasa 60 ilikuwa ku ukurasa wa 40. Utafanya nini ili kartasi zisipotee bure?

6. Kazi tisa zinangoja, ya kwanza imekwama, na yako ni ya tisa. Wewe ndiye mlinzi. Andika utafanya nini, hatua kwa hatua, na utamwambia nani.

Mwenye kutaka kuona kazi hii kwa macho, aje ku buro kisha masomo ya mchana, siku yenye jua. Alete kaye yake, na apange mstari.